Unakaa Mtaa Gani?

Wiki chache zilizopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenye ofisi moja hapa Moshi mjini kujaza fomu. Shangazi anaishi Old Moshi, kule juu ambako mtu akitaja mjini anaelekeza kidole chini. Kijana wa kaunta alimwamkia vizuri, akaitikiwa, akaanza kuuliza. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kata. Walipofika kwenye mtaa shangazi akautaja bila kusita. Kijana akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena.

"Mama, huo mtaa haupo."

"Haupo vipi? Jumapili nilikuwa hapo hapo."

"Hapana, mama. Kwenu kule ni kijijini. Wewe huna mtaa, una kitongoji."

Namjua shangazi, na ninaijua sura yake akitukanwa. Kwa mtu wa umri wake na wa mlima ule, kuambiwa huna mtaa ni jirani kabisa na kuambiwa huna kwenu. Kijana hakuwa na kosa. Alisoma mambo kama sheria inavyoyapanga: mjini mitaa, kijijini vitongoji, na Old Moshi iko chini ya Halmashauri ya Wilaya, si Manispaa. Ila na shangazi hakuwa na kosa, na tangu siku ile nimekuwa nalitafuna neno hili mtaa kama muwa uliogoma kuisha utamu.

Mtaa aliokuwa ameutaja ni wa kanisa. Kwa wasomaji wasio wa huku, Kanisa la Kilutheri limepangwa hivi: dayosisi ina majimbo, jimbo lina sharika, usharika una mitaa. Kila mtaa una mwinjilisti wake, kanisa lake dogo, kwaya yake, na zaidi ya yote misiba yake. Ukisikia asubuhi kwamba watu wa mtaa wanaombwa kuni na ndizi, hakuna anayekwenda kumtafuta mwenyekiti mwenye muhuri. Kila mtu anajua ni mtaa upi, na asiyetokea anajulikana kwa jina kabla jua halijawa kali.

Nyuma ya huo upo mwingine, mkongwe zaidi. Zama za wamangi, yaani machifu wa Wachaga, nchi ya mangi, iwe Marangu, Machame au Kibosho, iligawanywa mitaa, na kila mtaa ulikuwa na mchili wake. Mchili ndiye aliyejua kihamba cha nani, yaani shamba la nyumbani, kinaishia kwenye sale gani, ule mmea wa mpaka, nani hakutokea kwenye kazi ya mfereji, nani hajalipa kodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilipoufuta utawala wa machifu mchili aliondoka na cheo chake, lakini mipaka aliyoilinda haikung'olewa vichwani mwa watu. Wazee wakielekezana njia bado wanaitumia.

Kwa hiyo mama ambaye kompyuta inasema hana mtaa, anayo miwili.

Sasa neno lenyewe lilitoka wapi? Wengi wetu tumezoea kudhani kila neno la utawala ni la Kiarabu, na kwa sehemu tuko sahihi. Wilaya ni Kiarabu. Tarafa nayo ni Kiarabu, asili yake upande au ncha ya kitu, na labda ndiyo maana imebaki pembeni hivyo hivyo: waulize watu kumi pale stendi ya Moshi wanakaa tarafa gani uone macho yatakavyokutolea. Lakini mtaa ni habari nyingine.

Kiswahili kina tabia ya kumeza l iliyokaa kati ya irabu mbili kwenye maneno yake ya kale. Wachewa wa Malawi wanasema njala, sisi tunasema njaa. Wao mvula, sisi mvua. Wao kuvala, sisi kuvaa. Waganda wanasema okuzaala, sisi tumebaki na kuzaa. Basi ukikutana na neno lenye irabu mbili zilizoshikana mwishoni, jaribu kuirudisha ile l uone kama kuna ndugu atakayeitika. Irudishe kwenye mtaa, utapata mtala. Na ndugu anaitika kutoka ng'ambo ya Ziwa Victoria: kwa Waganda na Wasoga, omutala ni kipande cha nchi, kwa kawaida mgongo wa ardhi ulio kati ya mabonde mawili yenye majimaji, pamoja na watu waliojenga juu yake. Kwa Wasoga ulikuwa na mkuu wake kabisa, kama mchili wetu.

Mimi naegemea hapo. Mtaa ni mtoto wa Kibantu, na mwanzo wake haukuwa na nyumba za ghorofa wala lami. Ulikuwa ardhi yenye watu, imezungushiwa mpaka ambao hakuna aliyehitaji kuuandika kwa sababu ulikuwa bonde au mto. Aliyewahi kupanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Uru hahitaji kushawishiwa sana. Mlima wote umechanwa na makorongo. Mtu wa mgongo huu anamwona wa mgongo ule akipalilia kahawa, wanapigiana kelele za salamu, lakini akitaka kumshika mkono itambidi ashuke na kupanda nusu saa nzima. Hata chini mjini majina yameshika umbo hilo hilo la ardhi: Bondeni, Korongoni, Ng'ambo, Njoro ya chemchemi.

Pwani neno lilihamia mjini, lakini liliwachukua watu wake. Lamu wana Mkomani na Langoni. Mji Mkongwe wa Unguja una Shangani, Malindi, Kiponda, Mkunazini. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo ulio mstari. Ni mapande ya mji, yenye misikiti yake, visima vyake, baraza za kukalia na watu wa kuzikalia. Ukitaka kujua mtaa mmoja unaishia wapi unawauliza wenyewe, na huenda wakabishana. Ajabu ni kwamba Zanzibar ya leo, mitaa yote hiyo ikiwa bado hai midomoni mwa watu, serikali yake haikuitumia kama ngazi ya utawala. Wao wana shehia, na sheha wake.

Mstari uliingia na mpimaji. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walichora miji ya bara kwa rula, na vile vipande vya barabara kati ya nyumba na nyumba vikahitaji kuitwa kitu kwa Kiswahili. Mtaa ukaazimwa. Ndiyo maana Kariakoo kuna Mtaa wa Kongo, ambao ni njia yenye maduka huku na huku. Arusha kuna Mtaa wa Swahili na ule wa Goliondoi, Moshi kuna Mtaa wa Chaga. Mtaa wa namna hii unauvuka kwa hatua kumi. Hauna msiba wala kuni za kuchangia. Una kushoto na kulia tu.

Tangu hapo neno moja linabeba mizigo miwili, na kwa muda mrefu hatukuona tabu, kwa sababu nje ya katikati ya mji njia nyingi hazikuwa na jina lolote. Mtu alielekezwa kwa mwembe, kwa mashine ya kusaga, kwa duka la Mpemba. Tabu ilikuja na vibao. Kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima: kila nyumba ikapewa namba, kila njia ikapewa jina, na juu ya vyote ikakaa postikodi ya tarakimu tano inayoishia ngazi ya kata. Ni kazi kubwa na siibezi. Gari la zima moto haliwezi kutafuta mwembe. Ila sasa kuna watu wanaokaa Mtaa wa Fulani ulio ndani ya Mtaa wa Fulani mwingine, na ukimuuliza mtu mtaa wake, jibu linategemea amesimama karibu na nguzo ya kibao au karibu na ofisi yenye bendera.

Kata haina utata wa namna hii, kwa sababu haijawahi kujificha. Ni kukata. Aliye juu ameshika kisu, anakata. (Kamusi zinatupa pia kata ya kifuu cha nazi ya kuchotea maji, na kata ya majani ya kuwekea ndoo kichwani, na sina ubishi na yeyote atakayesema kata yetu ni ya kuchota zaidi kuliko kugawa.) Nenda Arusha uone kisu kilivyopita. Kuna Sokon I, kata ya Jiji. Kuna Sokon II, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Sokon lilikuwa jina moja la watu wa Waarusha. Mpaka wa halmashauri ukapita, na jina likabaki pande zote mbili likiwa limevishwa namba za Kirumi kama wafalme wa Ulaya.

Ukitaka kuona jinsi neno kavu la ofisini linavyoweza kuota harufu, litazame hili kata baada ya 2004. Mwaka huo ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na lengo likawa kila kata iwe na sekondari yake. Zilijengwa kwa nguvu za wananchi, nyingi zikafunguliwa na walimu wawili watatu, bila maabara. Miaka michache baadaye "amesoma kata" ikawa sentensi kamili, na aliyeitamka hakuhitaji kuongeza neno. Leo baadhi ya shule hizo zinafaulisha vizuri kuliko za kulipia, lakini sentensi haijabadilika sana. Mtaa haujawahi kupatwa na aibu ya aina hii kutoka serikalini. Ukidharauliwa, umedharauliwa na watu wenyewe.

Hapo pia ndipo tunapopishana na majirani wa Namanga. Mkenya husema wadi, ana mwakilishi wadi. Mtanzania akisikia hivyo anafikiria kitanda na dripu. Na mtaa kwa Nairobi ni makazi mazima, kiasi kwamba Kibera ni mtaa, na "mitaa ya mabanda" ndiyo tafsiri ya kawaida ya maeneo ya walalahoi. Kwa maana ya neno hili, Wakenya wako karibu na Lamu ya zamani kuliko sisi. Inaniuma kidogo kukiri hilo.

Lakini kinyume cha mambo hakijafika popote kama kilivyofika kwenye jina la mfumo wenyewe. Tunaita vyote Serikali za Mitaa. Ibara ya 145 ya Katiba ya 1977 inasema vyombo vya Serikali za Mitaa vitakuwepo katika mkoa, wilaya, mji na kijiji. Isome tena taratibu, mtaa haumo. Kisha njoo kwenye uchaguzi. Tarehe 27 Novemba 2024 tulipiga kura za serikali za mitaa. Nchi ina mitaa zaidi ya 4,000, vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, maana yake mtaa ni mgeni kwenye sherehe iliyopewa jina lake. Na diwani, mtu anayekaa kwenye kikao cha halmashauri na kupitisha bajeti, hakuwemo kwenye karatasi za siku hiyo. Yeye huchaguliwa pamoja na Rais na mbunge. Ninao marafiki wasomi wanaoamini walimchagua diwani Novemba ile. Siwacheki. Jina ndilo lililowapoteza.

Nadhani waliochagua jina hili waliona kitu ambacho sheria haikuandika. Walihitaji neno la utawala ulio karibu na mlango wa mtu, na hakuna neno lililokuwa karibu na mlango kuliko mtaa. Kata isingefaa. Hakuna anayeitamani Serikali za Kata.

Swali ni kama ukaribu huo bado upo. Jiji la Arusha lina kata 25 na mitaa 154. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya 617,000. Gawanya: ni wastani wa watu 4,000 kwa mtaa mmoja. Mwenyekiti anayegonga muhuri kwenye barua ya utambulisho, ile ya dhamana, ya kitambulisho, ya kufungua akaunti, anathibitisha kwamba anamfahamu mtu ambaye kwa hesabu hizo hawezi kumfahamu. Ndiyo sababu kabla ya muhuri anakuuliza mjumbe wako ni nani, na unarudi kutafuta balozi wa nyumba kumi, mabaki ya mashina yaliyoanzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960. Balozi ndiye anayeujua mlango wako. Kwa maneno mengine, mtaa wa sheria unaazima macho ya mtaa wa watu, halafu unalipisha muhuri.

Majina ya mitaa yetu nayo yana vituko vyake, na nisipovitaja nitakuwa nimewanyima wasomaji raha. Karibu kila mji wa Afrika Mashariki una Majengo yake: Moshi ipo, Arusha ipo, Mombasa ipo, Nairobi ipo. Ni pale Mwafrika alipoambiwa ajenge, wakati Uzunguni na Uhindini vilikuwa na wenyewe. Arusha ina Unga Limited, kata nzima yenye jina la kampuni ya kusaga nafaka, na wenyeji wanalitamka bila kufikiria mahindi. Ina Ngarenaro, ambayo ni Kimaasai cha maji meusi. Ina Daraja Mbili, inayowatia uchungu walimu wa sarufi kila basi linapopita. Na Moshi ina Shanty Town. Kwa Kiingereza jina hilo ni mabanda ya mabati na maji machafu. Nenda ukaone: miti mikubwa, ua mpana, mbwa wa kizungu, geti la umeme. Mgeni akiambiwa anapelekwa Shanty Town akalale, uso unamshuka, na tukifika hajui acheke au aombe radhi.

Uswahilini ndiyo iliyoumia. Kimaana ni mahali pa Waswahili, kama Uhindini ni pa Wahindi. Uzunguni ilibaki na heshima yake hata Wazungu walipoondoka, ikarithiwa na wakubwa. Uswahilini ikapokea lawama zote: kelele, ngoma, kuchunguliana sufuria. Vijana wakaikata ikawa uswazi, na kwa kuikata wakaipa tena hadhi kidogo. Ndivyo walivyoifanya mtaa pia. Kitaa, wanasema machalii wa Chuga, yaani vijana wa Arusha, na wakisema kitaa hawamaanishi mstari wala ofisi ya mtendaji. Wanamaanisha watu wanaowajua, na ambao nao wanawajua wao.

Ipo sentensi mbili ambazo mgeni wa Kiswahili huzichanganya. Mtoto wa mtaani kwetu ni mtoto ambaye nikimkuta kwenye fujo mjini nina haki ya kumkamata sikio na kumrudisha kwao, na mama yake atanishukuru. Mtoto wa mitaani ni yule asiye na wa kumrudisha. Siku hizi ofisi za ustawi wa jamii hupendelea "watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani", kauli ndefu iliyochaguliwa kwa huruma. Tofauti ya sentensi zile mbili ni umoja na wingi, na kile kijineno kwetu. Mtaa mmoja unamjua mtoto. Mitaa mingi haimjui. Sijui kama kuna sheria yoyote iliyoweza kueleza mtaa vizuri hivyo.

Nikipewa nafasi ya kushauri, ningeomba kitu kidogo. Ile mistari ipewe majina mengine. Tunazo barabara, njia, vichochoro. Hakuna aliyekatazwa kuandika Njia ya Mkuyuni kwenye kibao. Mtaa uachiwe maana yake ya eneo lenye watu. Na huko vijijini, sheria inaweza kuendelea na vitongoji vyake, lakini isimwambie mtu hana mtaa. Nenda Ilboru, juu kidogo ya Arusha mjini. Nyumba zimebanana kama za mjini, wengi wanashuka kila asubuhi kufanya kazi mjini, lakini kiutawala uko Halmashauri ya Wilaya, na ukivuka mpaka mwenyekiti wako ni wa kitongoji. Hakuna anayeona mpaka huo kwa macho. Muulize mtu wa pale anakaa wapi, atakwambia mtaani kwao, na atakutajia jirani zake kabla hujamaliza kuuliza.

Fomu ya shangazi ilikwisha hatimaye. Kwenye mstari wa mtaa kijana aliandika kitongoji. Mstari wa chini yake ulitaka jina la mtu anayemfahamu mwombaji, asiye ndugu. Shangazi akamtaja mwinjilisti.

"Cheo chake, mama?"

"Andika wa mtaa."

Kijana akaniangalia mimi, kisha akaandika.